Mama anaitaka Roma ya sala, mimi naitaka Roma ya magofu

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikisoma safu yako tangu nikiwa chuo, ila sikuwahi kudhani kuna siku nitaandika, tena kwa jambo ambalo wengi wataliona la kudeka. Uniwie radhi kama barua itakuwa ndefu.

Nina miaka 39, naishi Dar es Salaam, nina mume na mtoto mmoja. Mama yangu yuko Bukoba, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mjane, mwaka huu ametimiza miaka 70. Sebuleni kwetu kuna kalenda yenye picha ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Mwaka wake ulishapita zamani sana, lakini hakuna aliyewahi kuthubutu kuitoa ukutani. Mama husema akifika Roma, hata akifa kesho yake hana deni na Mungu. Nimekuwa nikiweka akiba kidogo kidogo, na sasa hela ya watu wawili ipo: tiketi, malazi, viza, na ya kula. Nilipompigia simu kumwambia alilia, kisha akaanza kuimba.

Tatizo lilikuja baadaye. Parokia yao inaandaa hija ya Roma mwezi Oktoba. Wataongozwa na padre, na wengi wa wanaokwenda ni wanawake wenzake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania. Mama akaniambia kwa furaha tujiandikishe wote wawili. Shangazi, niliiangalia ile ratiba nikachoka kabla sijapanda ndege. Asubuhi basi, basilika, misa. Mchana basi, basilika nyingine. Jioni rozari humo humo ndani ya basi. Colosseum, ule uwanja mkubwa wa michezo wa Warumi wa kale, wameiandikia mstari mmoja: "Kupita Colosseum, picha." Mimi nilisoma historia chuo kikuu. Nimewasikia makaizari wake, Vespasianus na Titus, kwenye mihadhara hadi usingizini. Nataka kuingia ndani, niguse ukuta, nitembee kwenye ile Forum yao, uwanja wa katikati ya mji wa kale, nikae juu ya jiwe bila mtu kunihesabu kama kondoo. Sijawahi kutoka nje ya Afrika na sijui kama nitapata nafasi nyingine.

Nikamwambia Mama twende sisi wawili tu. Nitampeleka makanisa yote anayoyataka, kwa mwendo wetu, maana magoti yake ni mabovu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Fanya unavyoona wewe, hela ni yako." Tangu hapo tukiongea ni mvua na migomba, Roma haitajwi.

Kaka yangu naye ameingilia. Anasema hela ya kwenda kutazama mawe ingebadilisha bati la nyumba ya Mama na kununua tangi la maji. Ameyasema hayo mbele yake.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Mume wangu ni Mwislamu, na ndoa yetu tulifungia bomani. Mama alihudhuria, akala, akacheza. Anampenda mume wangu na mjukuu wake, na hajawahi kunitolea neno baya. Lakini tangu nilipoolewa sipokei komunyo. Tukiwa kanisani pamoja na watu wakianza kwenda kupokea, Mama husimama pale kwenye benchi kidogo, ananiangalia, halafu ndipo anapita mbele ya magoti yangu kwenda kupanga mstari. Hasemi kitu. Sasa fikiria jambo hilo litokee Roma, mbele ya wanawake walionibeba mgongoni nikiwa mtoto. Nahisi Mama anataka Roma inirudishe kundini, na mimi sina nguvu ya kurudishwa mbele za watu.

Nimshikilie twende wawili? Nimwache aende na wenzake mimi nibaki? Au nijikaze niende nao?

Binti wa Kagera, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu,

Hujadeka hata kidogo. Mtu aliyejinyima mwenyewe ili mama yake akaione Roma ana haki ya kuwa na neno kuhusu namna ya kuiona.

Nikikusoma vizuri, safari ni moja na wanaoivuta ni wengi. Mama anataka hija pamoja na wenzake. Wewe unataka magofu na utulivu. Kaka anataka bati. Chini ya hayo yote kuna lile benchi la kanisani, ulilolileta mwishoni na kulipa nafasi ndogo, wakati naona ndilo lililokushikisha kalamu. Nitalifikia.

Kaka yako kwanza, maana yeye hatutakaa naye sana. Ana haki ya kuwa na maoni kuhusu bati. Kuyatoa mbele ya Mama, kwa hela isiyo yake, hapo amekosa adabu. Muulize kwa upole yeye ameweka kiasi gani kwenye hilo tangi, kisha tuendelee.

Kuhusu Roma yenyewe, nakuomba uliangalie upya jambo moja. Umeigawa mji nusu mbili, nusu ya Mama ya kusali na nusu yako ya mawe. Roma haigawanyiki hivyo, wala haijawahi kugawanyika. Chukua Pantheon, ambayo bila shaka uliisoma chuoni kama hekalu la miungu: tangu mwaka 609 ni kanisa, na hadi leo misa husomwa humo. Chukua Colosseum yenyewe: ndani umesimama msalaba, na ni pale Baba Mtakatifu huongoza Njia ya Msalaba usiku wa Ijumaa Kuu. Mama yako akiambiwa hilo sidhani kama atakubali kupita tu na kupiga picha kutoka dirishani.

Halafu kuna San Clemente, kanisa ninalolipenda kuliko yote katika mji ule, dakika chache kwa miguu kutoka Colosseum ukielekea basilika ya Laterano. Unaingia kanisa la karne ya 12, lenye mozaiki ya dhahabu juu ya altare. Unashuka ngazi, unajikuta ndani ya kanisa jingine, la karne ya 4. Unashuka tena, uko kwenye nyumba za Warumi za karne ya 1, pamoja na chumba ambamo waliabudu mungu wao Mithras, na nyuma ya ukuta unasikia maji yakikimbia. Hayo ya chini yaligunduliwa na padre Mdominikani kutoka Ireland, Joseph Mullooly, aliyeanza kuchimba mwaka 1857. Mama anaweza kukaa juu na rozari yake wakati wewe uko chini na Warumi wako, na hakuna atakayekuwa amemnyima mwenzake kitu.

Na kuna jingine ambalo pengine hata kundi la parokia halijaliweka kwenye ratiba. Nyinyi ni watu wa Kagera. Laurean Rugambwa alipofanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi, alikabidhiwa kanisa la San Francesco a Ripa, mtaa wa Trastevere, kama desturi ya makardinali kupewa kanisa la Roma. Mwambie Mama. Usimwambie kama rushwa ya kumtoa kwenye kundi, mwambie tu kwa sababu ni lake.

Tuje kwenye magoti. Ulipomwambia Mama mtakwenda kwa mwendo wenu kwa ajili ya magoti yake, ulikuwa unasema kweli, lakini nina shaka kama ulikuwa unasema kweli yote. Hata hivyo magoti yapo, na Roma haiyaonei huruma. Barabara za katikati ya mji zimetandikwa vijiwe vyeusi wanavyoviita sampietrini, vya duara kidogo juu, vyenye nafasi kati yake inayomeza kisigino. Mvua ikinyesha vinateleza. Foleni ya ukaguzi kuingia Mtakatifu Petro huzunguka uwanja, na unaisubiri umesimama. Kupanda hadi juu ya kuba ni ngazi 551; ukilipia lifti zinabaki 320, na hizo ni nyembamba na zimepinda. Kuba amwachie aliyechora kalenda.

Tahadhari kubwa zaidi iko Laterano. Mkabala na basilika kuna Ngazi Takatifu, vidaraja 28 ambavyo mapokeo yanasema Yesu alivipanda kwa Pilato na Mtakatifu Helena akavileta Roma. Hazikanyagwi kwa miguu, hupandwa kwa magoti tu. Akina mama wa aina ya mama yako nawafahamu: akiziona, atasahau hospitali yote ya Bukoba. Pembeni kuna ngazi za kawaida zinazofika pale pale juu, na wengi husali wakipitia hizo. Hilo zungumzeni mkiwa bado nyumbani, na kama inawezekana na daktari wake awepo kwenye mazungumzo, kwa sababu pale mlangoni hutamzuia, na sijui kama ni haki yako kumzuia.

Sasa zile njia zako. Kwenda wawili kunapendeza ukikuwazia ukiwa Dar. Ukiwa kule, wewe ndiye mkalimani, mweka hazina, nesi na mlinzi wa mkoba. Tiketi za Colosseum huuzwa mtandaoni siku 30 kabla, zina jina la mtu na saa, na mlangoni unaonyesha pasipoti, zikiisha zimeisha. Tiketi za kumwona Baba Mtakatifu Jumatano ni bure, lakini lazima mtu aziombe mapema na kwenda kuzichukua. Basi namba 64 linalotoka Termini, stesheni kuu ya treni, kwenda upande wa Vatikani limejaa vibaka wenye sura za mahujaji. Karibu na maeneo ya watalii utakutana na vijana, wengine Waafrika wenzetu, watakaokuita "Dada! Afrika!" na kumfunga Mama bangili ya uzi mkononi kabla hajajibu salamu, kisha waombe hela. Mama mwenye heshima zake za Bukoba hawezi kuvuta mkono wakati anasalimiwa. Mfundishe kuweka mikono kwenye mkoba na kusema hapana huku anatembea. Haya si ya kutisha, wengi huyaweza. Nataka tu ujue kwamba huo utulivu unaouwazia una kazi ndani yake, na jioni moja utakuwa umechoka, Mama naye amechoka, wala hakuna mtu wa tatu wa kuwachekesha.

Kwenda na kundi kuna faida hizo zote za kupangiwa, na hasara ulizozitaja. Lakini hujaniambia kama umemuuliza kiongozi wa hija swali hata moja. Makundi mengi huacha nusu siku wazi, na mtu mzima mwenye tiketi yake ya Colosseum si mtoro akiaga asubuhi na kuwakuta wenzake mchana Laterano. Muulize kabla ya kulipa, tena kwa maandishi, maana viza na hoteli zao zimefungwa kwenye ratiba.

Kuna wanaochanganya: wanakwenda na kundi, kisha wanabaki siku chache wao wenyewe. Inawezekana, mradi tiketi ya kurudi, bima na siku za viza vyote viseme hivyo tangu mwanzo, na si kubadilisha mkiwa kule. Hatari yake ni kwamba Mama atakuwa amekwisha kuchoka, na wenzake wakipanda basi la kwenda uwanja wa ndege moyo wake utapanda nao. Unaweza kukuta umenunua siku za magofu ambazo yeye atazimaliza hotelini akitazama saa.

Na kumwacha aende peke yake na wenzake? Umeitaja kama kushindwa, na mimi siioni hivyo lazima. Ila jipime: akirudi na maji ya baraka na picha zake, na wewe ukamsikiliza kwenye simu, utafurahi au utanung'unika? Jibu ni lako, lisimsikilize mtu.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye kunyamaza kwake. "Fanya unavyoona wewe, hela ni yako." Mama zetu wakisema hivyo hawajakubali, hilo unalijua. Wewe umechukua kwamba ananyamaza kwa sababu anataka kukurudisha kanisani na umemponyoka. Inawezekana. Lakini yapo mengine. Wanawake wale amesali nao kwa miaka, amezika nao, pengine walikuwa naye siku alipomzika baba yako. Kwa mtu kama huyo, kumwona Papa bila mwenzake wa kumshika mkono wakati huo, wala wa kusimulia naye kwenye jumuiya baadaye, ni kama karamu ya mtu mmoja. Ulimpa zawadi ukaondoa watu ndani yake. Au pengine ni hela tu: mwalimu mstaafu anajua thamani ya shilingi, na amemsikia kaka yako. Mimi sijui. Nawe, kwa jinsi ulivyoandika, hujui, umeandika "nahisi".

Ndivyo ilivyo hata pale kwenye benchi. Anasimama, anakuangalia, anapita. Wewe unasoma lawama. Huenda ni lawama. Huenda anakuombea. Huenda kwa miaka hii yote anasubiri uinue uso umwambie, "Nenda Mama, nakusubiri," ili apite bila kuhisi anakuacha nyuma.

La sakramenti si langu, ni la padre unayemwamini, ukitaka. Nitasema moja tu, kwa sababu umeandika kana kwamba ni jambo lililokwisha: Kanisa Katoliki lina utaratibu wa ndoa kati ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa, kwa kibali cha askofu, na wapo waliofunga bomani wakaja kuufuata baadaye wenzao wakibaki na dini yao. Sikusukumi huko. Mume wako naye ana neno lake, na nimeona hujasema anaonaje kuhusu safari hii.

Ila kwa upande wa hofu yako, kuna jambo la kawaida kabisa linaloweza kukusaidia. Kile ambacho Mama anakitamani zaidi huenda hakina mstari wa komunyo. Mkutano wa Jumatano na Baba Mtakatifu ni katekesi na baraka. Sala ya Malaika wa Bwana, Jumapili saa sita mchana, anapotokea dirishani, nayo ni sala, mafundisho mafupi na baraka. Hapo uwanjani wewe na Mama na wanawake wote wa WAWATA mtapokea kitu kile kile kwa pamoja. Na kwenye misa kubwa za Mtakatifu Petro, wanaobaki kwenye viti ni wengi mno: watalii, Waprotestanti, wazee wasioweza kusukumana. Nakubali kwamba wale wanawake wa Bukoba hawatawaangalia Waprotestanti, watakuangalia wewe.

Kama ingekuwa mimi ninakwenda kuongea naye, nisingepeleka ratiba, na nisingetumia simu. Ukiweza, panda ndege au basi uende Bukoba mwisho wa wiki moja. Muulize akifumba macho akasema "Roma", anajiona amesimama wapi, na pembeni yake ni nani. Usimpe majibu ya kuchagua. Pengine atakwambia ni ile picha ya kalenda tu na kaburi la Papa Fransisko pale basilika ya Maria Mkuu, na siku zote zilizobaki anaweza kukaa popote, hata kwenye magofu yako. Pengine atakwambia wazi anataka kwenda na wenzake. Pengine atakwambia kuhusu benchi. Kulizungumza hilo kabla ya safari kunaweza kuumiza, na likiumiza mtasafiri na kidonda kibichi. Kutolizungumza, mtalibeba hadi Roma, ambako makanisa ni mengi kuliko Bukoba na kila moja lina benchi. Utapima wewe, unayemjua anavyopokea mambo.

Vyovyote mtakavyoamua, pasipoti ya Mama itazamwe leo: iwe na uhai usiopungua miezi mitatu baada ya tarehe ya kurudi. Maombi ya viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15, miadi ya alama za vidole hujaa. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Viatu vya Mama vinunuliwe sasa, vya kamba na soli laini, avivae kwenda sokoni mpaka vimzoee. Mabega na magoti yafunikwe makanisani, lakini hilo yeye ndiye atakayekukumbusha wewe. Na yule kiongozi wa hija mpigie wiki hii, hata kama ni kuuliza tu, kwa sababu nafasi zikijaa, haya yote mtakuwa mmeamuliwa na orodha.

Shangazi